Kuenzi urithi wa wenyeji ndani ya jengo la umma

Kuenzi urithi wa wenyeji ni kuipa historia na sanaa ya wenyeji wa asili wa mahali nafasi katika jengo linalotumiwa na watu wote: bunge, mahakama, maktaba, hospitali. Wengi wakisikia hivyo hufikiria picha ukutani na kabati la vioo pale mapokezi. Hayo yanaweza kuwa mapambo tu. Cha kuuliza ni kama wenye urithi wana kauli: nani alichagua kitakachoonyeshwa, nani ana haki ya kukisimulia, nani anaweza kukiondoa.

Chukua Bunge la Australia mjini Canberra, jengo lililofunguliwa mwaka 1988. Uwanja wake wa mbele umepambwa kwa nakshi ya mita za mraba 196, iliyopangwa kwa vipande takriban 90,000 vya mawe ya graniti. Mchoro wake ni wa Michael Nelson Jagamara, msanii wa Kiwarlpiri, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Australia. Unaonyesha wahenga wa kangaruu, walabi (jamii ya kangaruu wadogo) na kenge wakikusanyika kwa ajili ya tambiko. Simulizi kama hizo zina wenyewe. Huwezi kuzichora kwa sababu tu unajua kushika brashi.

Mwaka 1993, Jagamara alirudi pale na kung'oa jiwe moja katikati ya nakshi, akipinga jinsi serikali ilivyokuwa ikishughulikia haki za wenyeji juu ya ardhi. Mlinzi wa jengo angeona uharibifu wa mali ya umma. Mimi naona mwenye mali akidai chake, na sijui maelezo gani ya ukutani yangeieleza dhana hii vizuri kuliko lile jiwe.

Ndani ya jengo kuna mfano wa aina nyingine: maombi ya Wayolngu, wenyeji wa Yirrkala kaskazini mwa Australia, yaliyopelekwa bungeni mwaka 1963, serikali ilipomega ardhi yao kwa ajili ya machimbo ya boksiti bila kuwauliza. Karatasi zilizopigwa chapa kwa lugha yao na kwa Kiingereza zilibandikwa juu ya magome ya mti, na pembeni zikazungushiwa michoro ya koo zao. Mgeni huiona michoro ile kama urembo wa fremu. Kwa Wayolngu ni hati ya ardhi.

Siku hizi taasisi nyingi za Australia huweka pia tangazo mlangoni kuwatahadharisha wenyeji kwamba ndani kuna majina au picha za marehemu, maana katika jamii kadhaa kumtaja au kumwona aliyefariki ni mwiko. Jambo dogo, ila haliji akilini mwa msanifu majengo asiyeketi na wazee kabla ya kuchora ramani.

Kuonyesha, hata hivyo, si kutekeleza. Tamko la Barunga la 1988, la viongozi wa wenyeji, lililodai mkataba kati ya serikali na wenyeji, lilitundikwa bungeni na Waziri Mkuu Bob Hawke mwishoni mwa 1991, akiwa anaondoka madarakani. Alikuwa ameahidi mkataba huo. Aliondoka bila kuusaini.