Britania ya Mfalme James na Britania ya 1707

Mwaka 1604 ilitoka sarafu ya dhahabu ya shilingi 20 yenye ahadi ya Kilatini kutoka kitabu cha Ezekieli: nitawafanya kuwa taifa moja. James wa Sita wa Uskoti alikuwa amerithi kiti cha Uingereza (England) mwaka uliotangulia. Bunge la Uingereza lilipomnyima jina la Mfalme wa Britania Kuu, alijitangaza mwenyewe.

Taifa halikufuata jina. Bendera ya pamoja ya Aprili 1606 iliulaza msalaba mwekundu wa Mtakatifu George juu ya ule mweupe wa Mtakatifu Andrea, na manahodha wa Uskoti wakalalamika. Ushindi wa kudumu ulipatikana mahakamani. Kesi ya Calvin, 1608, iliamua kuwa Mskoti aliyezaliwa baada ya James kurithi Uingereza si mgeni huko, kwa hiyo anaweza kumiliki ardhi. Lakini hukumu hiyo ilimfunga raia kwa mfalme tu. Charles, mwanawe James, alipowaletea Waskoti kitabu cha sala kwa mtindo wa Kiingereza mwaka 1637, ghasia zilizuka katika kanisa la St Giles, Edinburgh. Kufikia 1639 mfalme alikuwa akipigana na Waskoti wake.

Mkataba wa 1707, ulioziunganisha Uingereza na Uskoti kuwa Britania Kuu, ulikwepa kosa hilo la kuwalazimisha Waskoti mtindo wa Kiingereza wa ibada, na kwangu huu ndio ufunguo wa yote. Kanisa la Presbiteri (la Kiprotestanti, linaloongozwa na wazee badala ya maaskofu), sheria na mahakama za Uskoti havikuguswa. Vilivyounganishwa ni Bunge, ushuru, sarafu na biashara. Uskoti ulipata wabunge 45 dhidi ya 513 wa Uingereza na Wales, pamoja na paundi 398,085 na shilingi 10, hasa kwa sababu ungeanza kulipia deni la Uingereza. Kivutio kikubwa kilikuwa kifungu cha 4, kilichowafungulia Waskoti biashara ya makoloni waliyozuiwa tangu 1660.

Hata hivyo, mwaka 1713 hoja ya kuuvunja muungano ilishindwa kwa kura 4 tu katika Bunge la Malodi. Kilichowaunganisha watu zaidi ni Uprotestanti na vita vya mara kwa mara dhidi ya Ufaransa ya Kikatoliki. Baada ya uasi wa 1745, wa wafuasi wa ukoo wa Stuart uliopinduliwa, sheria ilipiga marufuku vazi la nyanda za juu za Uskoti: kosa la kwanza kifungo cha miezi 6, la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Walioruhusiwa kulivaa ni wanajeshi wa mfalme.