Ramli za Kichina kwenye simulizi za kutisha: mnayoaminishwa na ukweli wake

Kwenye muvi na simulizi za kutisha za Kichina kuna kitu kinajirudia kila siku, chumba giza, bibi mzee anatetemeka, marehemu anaongea kwa mdomo wake na aliyeuliza swali anakufa wa kwanza. Mimi hizi stori nazipenda sana ndo maana inaniuma nikiona watu wanaamini ibada zenyewe ziko hivyo, kumbe zimechukuliwa ibada tatu nne tofauti zikapikwa chungu kimoja.

Tuanze na hili la kwamba yule kiti, yani mtu anayepandwa na roho, anaita wafu. Sio kweli kwa wengi wao. Mkoa wa Fujian kule China, Taiwan, Singapore na Malaysia kiti wa hekaluni wanamwita tangki, na anachopandisha ni miungu: Nezha yule mungu mtoto, Sun Wukong mfalme nyani, jenerali Guan Yu. Wala hakuna kujificha, ngoma zinapigwa, ubani unafuka, watu wamejaa, na pembeni kuna msaidizi wa kutafsiri maana maneno ya aliyepandisha mara nyingi hayaeleweki. Na maswali ni ya maisha tu, mtoto haponi, biashara imekwama, ndoa ina shida. Wanaoongea na wafu wapo, wale wanawake wa Kikantoni wanaotumia mchele, ila hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Damu nayo watu wanasema ni sadaka kwa shetani, hapana. Tangki anajipiga mgongoni kwa upanga au rungu la misumari kuonyesha kwamba mungu kashuka, na damu ile inapakwa kwenye karatasi za hirizi ambazo watu wanaenda nazo nyumbani kama kinga.

Sasa hapa ndo pana utamu. Ule mchezo wa watu wawili kushika peni moja, au kuweka vidole kwenye kisahani, ili roho ijibu maswali, mnaambiwa ni ibada ya maelfu ya miaka. Kwa sura hiyo ni mambo ya karne ya 20. Halafu wengine wanaruka upande wa pili wanasema Wachina waliiga tu Ouija, ule ubao wa herufi wa kuulizia roho wa Marekani, nao wanakosea, Ouija imeanza kuuzwa miaka ya 1890 na China walishaandikiwa na roho karne nyingi kabla.

Mzizi wake ni roho ya kike inayoitwa Zigu, na huyu si jini mla watu kama anavyochorwa. Maandishi ya karne ya 5 yanasema alikuwa mke mdogo, mke mkubwa akamwonea wivu akawa anamtwisha kazi chafu tu, mpaka akafa kwa uchungu tarehe 15 ya mwezi wa kwanza. Basi enzi hizo kila mwaka usiku wa siku hiyo watu wanatengeneza mwanasesere, wanaenda chooni au kwenye banda la nguruwe, wanamwambia mume wako hayupo, mke mkubwa karudi kwao, toka ucheze. Mwanasesere akiwa mzito mkononi wanajua kafika, wanamwuliza viwavi vya hariri mwaka huu vitakuwaje. Yani wanamhakikishia kwanza kwamba anayemtesa hayupo nyumbani!

Mwaka 1081 mshairi Su Shi akiwa Huangzhou aliandika habari za Zigu kuja nyumba moja pale, safari hii ni sanamu ya majani iliyovishwa nguo za kike na kushikishwa kijiti cha kulia chakula, watoto wawili wameishika, na kijiti kinaandika. Kwa hiyo na ile dhana kwamba haya ni mambo ya wasiosoma haisimami, wasomi walikuwa mstari wa mbele.

Na stori inayonitisha kuliko zote haina hata mzimu. Mfalme Jiajing wa enzi ya Ming alikuwa na mwandishi wa roho, yani mtu anayepokea majibu ya roho kwa maandishi, anaitwa Lan Daoxing. Mfalme anaandika swali, anafunga karatasi, matowashi wanaenda kuichoma madhabahuni, jibu likija silo anawalaumu matowashi kwamba ni wachafu. Wakaogopa, wakaelewana na Lan, karatasi inafunguliwa inasomwa kwanza ndo inachomwa, na majibu yakaanza kupatia. Siku mfalme akauliza kwa nini nchi haitulii, roho ikajibu tatizo ni waziri mkuu Yan Song. Mfalme akauliza mbona mbingu hazimuui? Jibu: anaachiwa mfalme mwenyewe amuadhibu. Mwaka 1562 Yan Song akaondolewa, ila alishajua ni kazi ya nani, akawahonga watu wa karibu na mfalme, Lan akahukumiwa kifo na akafia gerezani.