Jinamizi si jini aliyekukalia kifuani
Unaamka usiku wa manane, chandarua unakiona, feni unaisikia, lakini hata kidole hakisogei. Kifua kizito, na pembeni kama kuna mtu kasimama. Wengi tumekua tukiambiwa huyo ni jini au mchawi. Siyo. Katika usingizi wa ndoto, ubongo hulegeza misuli ili usirushe mikono na miguu. Mara nyingine akili huzinduka kabla misuli haijaachiwa, na ndoto inaendelea macho yakiwa wazi. Visa vingi vya Popobawa, pepo aliyedaiwa kuvamia watu usiku huko Pemba na Unguja mwaka 1995, vilifanana na hali hii. Hofu yake ni ya kweli, simbezi aliyeipata. Hupita yenyewe baada ya sekunde kadhaa au dakika chache. Kukosa usingizi na kulala chali huichochea, lala ubavu.