Kupro si ufukwe mtupu

Wengi wanaopanga safari ya Kupro hufungasha nguo za kuogelea na kandambili basi, wakiamini kisiwa cha Mediterania ni jua na mchanga mwaka mzima. Kwa Limassol, mji wa pwani, mwezi Julai, sawa kabisa. Ila mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka hapo unafika milima ya Troodos, ambayo kilele chake, Olympus, kina mita 1,952. Januari na Februari huko kuna theluji, watu wanateleza kwa ski, na barabara za juu huweza kufungwa kwa magari yasiyo na minyororo kwenye matairi.

Wala baridi hiyo si ya jana. Kanisa la Agios Nikolaos tis Stegis, karibu na kijiji cha Kakopetria, ni la karne ya 11. Juu ya kuba lake liliongezwa baadaye paa la pili la mbao na vigae, lenye mteremko mkali, ili theluji iporomoke na michoro ya ndani isalimike. Ni mojawapo ya makanisa 10 ya Troodos yaliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. (Kwangu mimi, hayo yanashinda ufukwe wowote.)

Bahari nayo ipo mlimani, kwa namna yake: miamba ya Troodos iliumbika chini ya bahari takriban miaka milioni 90 iliyopita, kisha ikainuliwa.

Kwa kutembea kwa miguu, nenda Mei au Oktoba. Sweta beba hata Agosti, jioni utaihitaji.