Utamaduni tanzu ni nini? Mfano wa wachezaji wa skeitibodi

Utamaduni tanzu ni mwenendo wa kundi linaloishi ndani ya jamii kubwa, likitumia lugha, sheria na barabara za jamii hiyohiyo, lakini likiwa na vipimo vyake vya kujua kipi ni kizuri na nani anastahili kusikilizwa. Utanzu ni tawi la mti, nalo tawi haliishi nje ya mti wake. Kwa hiyo anayeliona kila kundi la namna hii kuwa adui wa taifa amekosea tangu mwanzo.

Wachezaji wa skeitibodi, ule ubao wenye magurudumu manne ambao mtu husafiri juu yake akiwa amesimama, ni mfano mzuri kwa kuwa wanavyo vitu viwili ambavyo mataifa hujivunia, yaani sanaa na uongozi, ila wamevipanga kwa namna nyingine kabisa. Kiongozi wa taifa hupata mamlaka kwa kura, urithi au uteuzi, na cheo kikimtoka, mamlaka humtoka pia. Kwa wachezaji hakuna cheo cha kumvika mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Alan Gelfand, kijana wa Florida, alibuni namna ya kuruka na ubao bila kuushika kwa mkono, na mbinu hiyo ikaitwa "ollie" kutokana na jina lake la utani. Miaka michache baadaye Rodney Mullen akaihamishia kwenye ardhi tambarare, na tangu hapo karibu kila mbinu ya skeitibodi ya mitaani imejengwa juu yake. Hakuna aliyewateua wawili hao. Waliigwa tu, na kuigwa huko ndiko kuongoza kwenyewe.

Sanaa nayo ina tofauti yake. Taifa huihifadhi sanaa, huiwekea tarehe na mlinzi. Mchoro wa skeitibodi huwekwa upande wa chini wa ubao, mahali hasa panaposuguliwa na vyuma na kingo za saruji, hivi kwamba mchoro uliobaki safi ni dalili ya mmiliki asiyecheza. (Wapo wanaozitundika mbao hizo ukutani, lakini hao ni wakusanyaji.)

Sanaa hizi mbili zilikutana jijini London, moja juu na nyingine chini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza iliandaa maonyesho makubwa ya kitaifa mwaka 1951, na kwa ajili yake ukajengwa Royal Festival Hall kando ya mto Thames. Mwaka 1967 ukaongezwa ukumbi wa muziki wa Queen Elizabeth Hall. Chini ya ukumbi huo ilibaki nafasi yenye nguzo na miteremko ya saruji, ambayo haikukusudiwa mchezo wowote, na tangu miaka ya 1970 wachezaji wameifanya kuwa yao. Mwaka 2013, Southbank Centre, taasisi ya sanaa inayosimamia majengo hayo, ilipendekeza kuwahamishia chini ya daraja la jirani ili maduka na migahawa igharimie upanuzi wa kumbi zake. Wachezaji walikataa, na hoja yao haikuwa kwamba wanaonewa, bali kwamba nao ni watu wa utamaduni na kwamba utamaduni wa mahali hauwezi kubebwa kama samani. Hoja hiyo ndiyo iliyowapa nguvu. Januari 2014 meya wa London, Boris Johnson, aliwaunga mkono, na kabla ya mwaka kwisha makubaliano ya kuwabakisha yalitiwa saini.

Si kila dola ilisikiliza hivyo. Norwei ilipiga marufuku uuzaji na matumizi ya skeitibodi kuanzia mwaka 1978 hadi 1989, kwa hofu ya majeraha ya watoto. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni, maana mifupa huvunjika kweli. Hata hivyo, mbao ziliingizwa kwa magendo na majukwaa ya kuchezea yakajengwa msituni, mbali na macho ya polisi. Kule London, sehemu ya nafasi iliyokuwa imezibwa ilifunguliwa tena mwaka 2019, baada ya wachezaji na taasisi ileile iliyotaka kuwahamisha kuchangisha fedha kwa pamoja.