Chupa tatu za dawa ya chuma, na damu haipandi

Mama alitua mkoba, akatoa chupa ya tatu ya dawa ya chuma, tupu. "Daktari, si mlisema damu imepungua? Mbona haipandi?" Hapa Kisumu kila anayevaa koti jeupe maabara ni daktari, nimechoka kusahihisha.

Mwanawe ana miaka miwili. Hemogramu, kipimo cha mashine cha kuhesabu chembe za damu, ilisema himoglobini (protini inayobeba oksijeni) 6.8, ukubwa wa chembe nyekundu femtolita 84, chembe nyeupe 32,000. Hiyo 84 ndiyo iliyonishtua, maana ni ukubwa wa kawaida. Mtoto aliyekosa chuma huwa na chembe ndogo, zimepauka katikati hadi zinabaki kama bangili, nyingine nyembamba kama penseli. (Hata zingekuwa ndogo nisingeapa ni chuma: alfa thalasemia, tatizo la damu la kurithi, ipo tele huku kwetu, nayo huzifanya ndogo vilevile.)

Nikatandaza tone kwenye slaidi, nikaipaka rangi ya Leishman. Kwenye hadubini nikaziona: ndefu, zimepinda, ncha zote mbili zimechongoka kama mtumbwi. Seli mundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu kama mundu. Katikati yake zimejaa chembe nyekundu changa ambazo bado zina kiini, na hizo mashine huzidhani nyeupe. Nilihesabu 60 kwa kila nyeupe 100. Basi 32,000 mara 100, gawa kwa 160: nyeupe halisi ni 20,000. Asiyetazama slaidi angeanza kuwaza saratani ya damu.

Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mundu, 10 hadi 20. Damu ya mtoto huyu inavunjika, haikukosa chuma. "Viganja na nyayo zimewahi kumvimba?" Mara mbili, akasema. Aliambiwa ni baridi. Kumbe ni mundu.

Malaria ndiyo iliyoukita ugonjwa huu kandokando ya ziwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja ya mundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayerithi mbili, kwa baba na kwa mama, ndiye anayeumwa.

Slaidi peke yake haitoshi kuandika jibu. Nilitoa sampuli ya elektroforesi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kabla mtoto hajaongezwa damu, maana damu ya mchangiaji huvuruga majibu kwa takriban miezi mitatu.

"Na huyu mdogo wake, ana miezi miwili?"

Naye apimwe, mama, ila si kwa kile kipimo cha haraka cha kuyeyusha. Himoglobini aliyotoka nayo tumboni bado inaficha mundu. Mlete Jumatatu, nitamtoa sampuli ya elektroforesi.