Goti Likinyamaza, Usidhani Limepona

Mwezi wa kwanza baada ya upasuaji wa ACL, ligamenti ya ndani ya goti, mgonjwa ananisikiliza. Goti limevimba, nyuzi zinawasha, magongo yanamchuna kwapani. Ukimwambia kaa, anakaa. Mwezi wa tatu ndio unaoninyima usingizi. Hapo magongo yameshaegeshwa nyuma ya mlango, uvimbe umekwisha, anapanda na kushuka daladala bila kushika popote, na siku moja anaingia kliniki kwa madaha na maneno ninayoyajua kabla hajafungua mdomo: "Dokta, mimi nimeshapona."

(Mimi si dokta, ni fizio, mtaalamu wa tiba ya mazoezi. Lakini hapa Dar ukishavaa koti jeupe, vita hiyo huishindi.)

Huyu ninayemkumbuka zaidi alikuwa winga wa timu ya mtaani, kijana wa miaka ishirini na kitu. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Ilikuwa wiki ya 13. Jumamosi kulikuwa na bonanza, naye alishawaahidi wenzake dakika 20, "za mwisho tu, dokta". Sikubishana naye. Nilimkalisha kwenye kitanda cha mazoezi, nikamfunga mkanda juu kidogo ya kifundo cha mguu, mkanda nikaunasa kwenye mizani ya kuning'iniza, zile za dijitali wanazopimia mizigo, niliinunua Kariakoo. Upande wa pili wa mizani nikaufunga kwenye mguu wa kitanda. Nikamwambia sukuma kama unapiga penalti. Mguu mzima ulivuta kilo 52. Ule uliopasuliwa, amekunja uso na kung'ang'ania kingo za kitanda, kilo 31. Akasema mizani mbovu. Tukarudia mara tatu, na mara ya tatu hakusema kitu.

Simlaumu. Goti lake halikuwa likiuma, na sote tumelelewa kuamini kwamba kisichouma kimepona. Ili uone kwa nini hapa imani hiyo ni mtego, inabidi tuingie ndani ya goti kidogo.

ACL ni ligamenti fupi, yaani kamba ya kushikilia mfupa kwa mfupa, iliyo katikati kabisa ya goti. Inaunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na inauzuia muundi usiteleze kwenda mbele wala usijipinde vibaya unapogeuka ghafla. Ndiyo maana wengi wanaochanika hawakuguswa na mtu: alikuwa anakimbia, akapiga breki ageuke, akasikia "pwaa" kama kijiti kinavunjika, chini. Ikikatika kabisa, kuishona ncha kwa ncha mara nyingi hakudumu. Kwa hiyo mpasuaji huchukua kano, kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, aidha ukanda wa kano iliyo chini ya pia ya goti, au kano za nyuma ya paja, au ile ya juu ya pia, kisha anatoboa njia kwenye mifupa yote miwili, anaipitisha na kuibana. Hilo ndilo pandikizi.

Siku ya upasuaji pandikizi ni imara. Lakini limeng'olewa kwenye damu iliyokuwa ikililisha, na wiki za mwanzo seli zake nyingi hufa. Baadaye mishipa midogo ya damu hulifikia, na mwili unaanza kulibomoa na kulijenga upya, nyuzi kwa nyuzi, mpaka kano ile ifanane na ligamenti. Ni sawa na fundi anayebadilisha nguzo za nyumba moja baada ya nyingine huku wenye nyumba wamelala ndani. Kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili hivi, nguzo nyingi ziko chini, na pandikizi ni dhaifu kuliko lilivyokuwa siku lilipowekwa. Kazi yenyewe huchukua mwaka na zaidi. Na maumivu hayana habari nayo kabisa: ngozi imeshapona, uvimbe umeondoka, mgonjwa anajisikia mpya kabisa, wakati huohuo kamba aliyowekewa iko katika hali yake mbaya kuliko zote. Sasa niambie kama ungelala vizuri.

Turudi mwanzo, maana kuna makosa ya wiki mbili za kwanza ambayo mtu huja kuyalipa mwezi wa sita.

Kosa kubwa ni mto. Nikienda kumwona mgonjwa nyumbani, kabla sijamsalimia vizuri macho yangu yanautafuta ule mto. Shangazi ameuweka chini ya goti, kwa huruma, kwa sababu goti lililovimba hupenda kukaa limekunjika kidogo na mto unalituliza. Mgonjwa anapata usingizi, goti linaganda hapohapo. Siku ya kumi unakuta halinyooki; kovu limeanza kuota kwa ndani, upande wa mbele, na limekuwa kama kabari mlangoni. Goti lisilonyooka lote humfanya mtu achechemee, na akichechemea misuli ya mbele ya paja haifanyi kazi yake, na isipofanya kazi inazidi kunywea. Wengine hurudishwa chumba cha upasuaji kulitoa kovu hilo. Mto! Mimi nautoa, nakunja taulo au kitenge, nakiweka chini ya kisigino, chini ya goti nabakiza hewa tupu. Dakika kumi, mara tano sita kwa siku. Inauma, ndiyo. Haya ni maumivu ninayoyakubali. Na usijipe moyo kwamba goti linakunja vizuri: kukunja kutakuja kwenyewe taratibu, kunyooka kukichelewa ni kesi.

La pili ni usingizi wa misuli. Goti likijaa maji, hata yakiwa kidogo, neva huzima misuli ya mbele ya paja. Haijakatika wala haijapooza, imezimwa. Nimeona wanaume wenye mapaja kama vinu wakiliangalia paja lao na kuliamuru likaze, halikazi. Hapo naweka kiganja chini ya goti na kumwambia aniponde mkono. Nikiiona pia ya goti inapanda kuelekea kwenye paja, hata nusu sentimita, tunashangilia. Mpaka aweze kuunyanyua mguu mzima ukiwa umenyooka bila goti kulegea, magongo hayaondoki.

Kwa uvimbe, barafu. Huhitaji vifaa vya dukani. Zile barafu za mfuko anazouza jirani zinatosha, zifunge kwenye khanga, robo saa, mguu ukiwa juu. Maji ya moto na kuchua goti jipya, hapana. Na shavu la mguu likivimba, likauma na kupata joto, asilichue mtu yeyote, si mama wala mkandaji: damu inaweza kuwa imeganda ndani, na kipande kikichomoka kikakimbilia mapafuni hatutakuwa tunazungumzia goti tena. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukipata homa huku kidonda kikitoa usaha.

Supu ya kongoro na bamia: kunywa, kula. Mimi mwenyewe kongoro nalipenda. Ila hakuna bamia inayoongeza ute wa goti, na kongoro halishoni ligamenti.

Ngazi: unapanda ukitanguliza mguu mzima, unashuka ukitanguliza ulioumia. Kama pamoja na ACL ulishonwa meniskasi, ile mito ya gegedu ndani ya goti, ratiba yako ni nyingine. Mara nyingi hutaruhusiwa kukunja zaidi ya pembe ya mraba kwa wiki kadhaa, na pengine hata kukanyaga kwa uzito wote ni marufuku. Kwa hiyo usiige mazoezi ya jirani yako aliyefanyiwa mwezi mmoja nawe. Soma karatasi yako.

Sasa kuna swali ambalo vitabu vya Ulaya nilivyosomea havikuligusa hata kidogo, nami naulizwa kila wiki: lini nitachuchumaa? Mgonjwa wangu anatumia choo cha shimo, anafua amechutama, anaswali mara tano kwa siku. Kukunja goti mpaka kisigino kiguse kalio huchukua miezi, na wengine hawafiki kabisa kama zamani. Kwa choo, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati; fundi yeyote wa mtaani anakutengenezea. Kwa swala, kaa kwenye kiti. Mashehe ninaowatumia wagonjwa wote wamewajibu hivyohivyo, mgonjwa ana ruhusa. Lakini kubwa zaidi ni kulisema jambo hili kabla ya upasuaji. Pandikizi likitolewa kwenye kano ya chini ya pia, kupiga magoti kunaweza kuuma kwa muda mrefu sana, na kwa imamu, au fundi marumaru anayeshinda chini kutwa nzima, hilo si jambo dogo. Likitolewa nyuma ya paja, nguvu ya kulikunja goti mpaka mwisho hupungua. Hakuna la bure. Mwambie mpasuaji unaishije, usingoje akuulize.

Nifungue mabano mengine. Si kila ACL iliyokatika lazima ipasuliwe. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2010 matokeo ya vijana 121: nusu walipasuliwa mapema, nusu walianza na mazoezi, wakiachiwa nafasi ya upasuaji baadaye. Baada ya miaka mitano, karibu nusu ya hawa wa mazoezi walikuwa hawajauhitaji upasuaji, na magoti yao hayakuwa nyuma ya wenzao. Kama hurudi kwenye michezo ya kugeukageuka, liulize hilo. Funga mabano.

Winga wangu alikuwa na hoja moja nzito: "Mbona Zlatan alirudi mwezi wa saba?" Kweli, mshambuliaji Zlatan Ibrahimović aliumia Aprili 2017, Novemba akawa uwanjani. Nikamkumbusha beki Virgil van Dijk, aliyeumia Oktoba 17, 2020 na kucheza tena mechi ya ligi Agosti 14, 2021. Miezi kumi, kwa mtu ambaye fizio wake wanamsubiri mlangoni asubuhi na uwanja wake hauna mashimo. Kisha nikampa hesabu ninayoiamini kuliko majina yote. Utafiti wa Norway na Marekani uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mtu anaoongeza kabla ya kurudi mchezoni, mpaka kufikia wa tisa, unapunguza uwezekano wa kuumia tena kwa karibu nusu. Karibu nusu kwa mwezi! Sijui dawa inayofanya kazi hiyo, na hii haiuzwi. Zaidi ya hapo, miezi tisa peke yake haitoshi. Tunataka misuli ya mbele ya paja ifike angalau asilimia 90 ya mguu wa pili. Yeye, kwa kilo 31 kwa 52, alikuwa na 60.

Na hata hiyo asilimia ina ujanja wake, kwa sababu mguu mzima nao umekaa miezi bila kukimbia, umelegea. Ukiwa sawa na mlegevu hujawa imara. Ndiyo maana kila mgonjwa ninayempata kabla ya upasuaji nampima miguu yote miwili siku hiyo na kuandika namba kwenye daftari.

Katikati hapo, kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nane, hakuna hadithi. Ni kuinuka kwenye kiti kwa mguu mmoja, ni kushuka kidaraja taratibu mbele ya kioo, ni begi la shule lenye mchanga linaloongezwa kilo, ni baiskeli. Kukimbia hakuanzi kabla ya mwezi wa tatu kutimia, na kunaanza kwa wenye nguvu zao tu. Wanaoshindwa hushindwa hapa, kwa kuchoka. Nauli ya kuja kliniki nayo inachosha. Wengi nawapa daftari na kuwaona mara moja kwa wiki mbili.

Jumamosi ile ya bonanza alienda, akakaa benchi, akawashikia wenzake maji. Najua kwa sababu alinitumia picha, amenuna.

Mwezi wa kumi mizani ilisoma 55 na 51. Nikampima kuruka kwa mguu mmoja: umbali karibu sawasawa, akaanza kukusanya vitu vyake. Nikamwambia rudia, safari hii ninakurekodi kwa simu. Kila akitua kwa mguu uliopasuliwa, goti lilikuwa linaingia ndani na kiuno kinapinda kulifuata. Umbali aliupata kwa kuchota nguvu kwenye nyonga na kifundo. Tulikaa tukaitazama ile video polepole, yeye na mimi, vichwa vimegusana juu ya simu. Wiki sita nyingine za kutua tu, kutoka kwenye kopo la rangi, kisha ndoo, kisha benchi.

Alirudi uwanjani mwezi wa kumi na mbili. Goti lilikuwa tayari kuliko yeye mwenyewe, na hilo si ajabu: uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba ni asilimia 55 tu ya waliopasuliwa waliorudi kwenye mashindano, na woga ni sababu mojawapo kubwa. Mechi ya kwanza alimwomba kocha ampange beki wa kulia. Nilipomuuliza kulikoni, akacheka kidogo, akatazama pembeni. "Winga inageuka sana, dokta." Jumatano tunaanza kugeuka, bila mpira kwanza.